DATEDIF: kwa nini Excel inaificha fomula hii, na siku -2 zinatoka wapi?

#1 Karani_Dom

Wakuu, habari za jioni.

Leo nimeaibika, naomba mnisaidie nielewe. Nipo idara ya utumishi kwenye taasisi moja binafsi hapa Dodoma. Mkataba wa mtu ukiisha, mimi ndiye naandaa barua ya kiinua mgongo. Muda wa utumishi napiga kwa DATEDIF, fomula niliyoirithi kwenye shiti ya mtangulizi wangu: ukiweka "Y" inatoa miaka, "YM" miezi inayobaki, "MD" siku zinazobaki. Haijawahi kunisumbua hata siku moja.

Mchana bosi kaniita, barua anayo mkononi. Mtumishi kaanza 31/01/2021, kamaliza 01/03/2025. Barua inasema: "umeitumikia taasisi kwa miaka 4, mwezi 1 na siku -2". Bosi akauliza, hizo siku mbili tunamdai au anatudai?

Nikaanza kuichunguza. Nikiandika =DATE, orodha inayoshuka inanionyesha DATE na DATEVALUE tu. DATEDIF haimo. Nikiimalizia mwenyewe kwa mkono, inakubali na kutoa jibu. Inafichwa kwa sababu gani? Halafu nyumbani nina LibreOffice, nimefungua faili lile lile, nako -2. Programu mbili za watu tofauti zikosee sawasawa? Au tarehe zangu ndizo mbovu?

#2 Mtaalamu Njaa

Mkuu hiyo fomula ilishafutwa kitambo. Kwako inafanya kazi kwa sababu unatumia Office ya kuchakachua. Weka ya kulipia uone kama itakubali. Tumia YEARFRAC, inatoa miaka kwa desimali, ndiyo ya kisasa, INT kwa nje ikate desimali na mchezo umeisha.

#3 Bi Hesabu

Mtaalamu Njaa, usimpotoshe mwenzio. Mimi natumia Microsoft 365 ya kulipia na DATEDIF inapiga kazi kila mwisho wa mwezi. Haijafutwa.

Hata hilo la "kufichwa" ni nusu ya ukweli. Kwenye Excel 2000 ilikuwa na maelezo yake kamili ndani ya msaada wa programu. Matoleo yaliyofuata maelezo yakatolewa, fomula ikaachwa. Leo hii ipo kwenye tovuti ya Microsoft na ina ukurasa wake, na ukurasa huo wenyewe unaonya usitumie "MD" kwa kuwa inaweza kutoa namba hasi, sifuri, au jibu lisilo sahihi. Kwa hiyo Karani_Dom, tarehe zako ni nzima. Ila orodha inayoshuka ni kweli, hawajairudisha mpaka leo.

#4 Mzee Disketi

Vijana mmenipeleka mbali.

Lotus 1-2-3, programu ya mashiti ya mahesabu, ilitoka 1983, Excel haijazaliwa. Excel yenyewe ilianzia kwenye Macintosh mwaka 1985, kwenye Windows ikafika 1987. Mimi nilifundishwa Lotus mwaka 1991, kwenye chumba chenye kiyoyozi kilichofungwa kwa ajili ya kompyuta, siyo kwa ajili yetu. Unavua viatu mlangoni. Menyu unaiita kwa kubonyeza mkwaju (/), na kila fomula inaanza na @. Ndiyo ilikuwa lugha ya wahasibu wa dunia nzima.

Sasa Microsoft walipotaka wateja wa Lotus wahamie kwao, ilibidi mafaili ya Lotus yafunguke ndani ya Excel na kutoa majibu yale yale. Mpaka kesho, kwenye Excel 2010 niliyonayo hapa, mkono ukiteleza nikaandika @SUM(A1:A5) inapokea na kuigeuza =SUM bila kununa. DATEDIF ni mgeni wa namna hiyo. Kaingizwa kwa mlango wa uani ahudumie mafaili ya Lotus, ndiyo maana jina lake halimo kwenye daftari la wageni.

#5 Kipanya2

Shikamoo mzee. Nimeweka mkeka hapa, uzi huu utakuwa mrefu.

#6 Karani_Dom

Asante Bi Hesabu, asante mzee wangu. Lakini LibreOffice haijawahi kuwa Lotus wala Excel. Hiyo -2 wao wameitoa wapi?

#7 Fundi Kebo

Karani_Dom, kwanza tuone -2 inavyopatikana, halafu hilo la LibreOffice.

"MD" inapotafuta siku zinazobaki, inaangalia tarehe ya mwezi. Ya kuanza ni 31, ya kumalizia ni 1. Kwa kuwa 31 ni kubwa kuliko 1, inarudi mwezi mmoja nyuma ya ule wa mwisho, yaani Februari 2025, na kutafuta tarehe 31 Februari. Haipo. Februari 2025 ina siku 28, kwa hiyo siku tatu za ziada zinamwagikia Machi na "31 Februari" inakuwa 3 Machi. Kisha inatoa: 1 Machi kutoa 3 Machi ni -2. Hapo ndipo deni la bosi wako linapotoka. Mtu aliyeanza tarehe 30 Januari angepata -1, wa tarehe 29 angepata 0. Ingekuwa mwaka mrefu kama 2024, huyo wa 31 angepata -1.

Sasa LibreOffice. DATEDIF waliiongeza toleo la 3.6, mwaka 2012. Kabla ya hapo ukifungua faili lenye DATEDIF unapata #NAME? tupu. Msimbo wa programu yao uko wazi, yeyote anaweza kuusoma, na pale kwenye "md" mwandishi ameacha maelezo kwamba tabia hiyo aliipata kwa kujaribu-jaribu Excel na kutazama inajibu nini. Ametoa na mifano ya tarehe, ukiwamo wa tarehe ya Februari isiyokuwapo inayomwagikia Machi. Aliliona kosa. Akaliiga kwa makusudi, kwa sababu faili la Excel likifunguliwa kwake linatakiwa litoe jibu la Excel.

#8 Kipanya2

Kwa hiyo kuna mtu kakaa usiku anafanya utafiti wa namna ya kukosea vizuri. Na mimi bosi anasema sina bidii.

#9 Mlala Ofisini

Fundi Kebo umepiga penyewe, ila hujajibu kwa nini wenye Excel hawarekebishi. Maoni yangu: wanaogopa. Fikiria kuna mashiti ya mishahara na bima yaliyojengwa juu ya jibu hilo tangu miaka ya tisini. Ukilirekebisha leo, kesho watu wanafungua faili la mwaka 2006 na namba zimebadilika, hakuna aliyegusa kitu. Kesi zitaanzia hapo. Kwa hiyo wanaiacha ilivyo na kuizima taa, asiingie mtu mpya.

#10 Mtaalamu Njaa

Kesi ndiyo yenyewe, ila siyo hiyo. Waliificha kwa sababu ni mali ya Lotus. Lotus waliwahi kumshtaki mwenzao kwa kuiga programu yao mpaka mahakama ya juu kabisa Marekani. Microsoft wakaona wasitangaze.

#11 Bi Hesabu

Kesi ipo, lakini aliyeshtakiwa ni Borland, wenye Quattro Pro, na kilichogombewa ni mpangilio wa menyu, siyo fomula za tarehe. Halafu Lotus walishindwa. Januari 1996 Mahakama Kuu Kabisa iligawanyika 4 kwa 4, ikabaki hukumu ya chini iliyompa ushindi Borland. Excel 2000 imekuja baada ya hapo, na ndiyo iliyokuwa na maelezo ya DATEDIF. Wangekuwa wanaogopa Lotus wasingeitangaza baada ya Lotus kushindwa.

Na hiyo YEARFRAC uliyomshauri kule #2, jaribu hii: kuanzia 01/03/2004 hadi 01/03/2006, msingi wa 1, yaani wa siku halisi. Ni miaka miwili kamili, mtoto angekata keki. YEARFRAC inatoa 1.998, kwa sababu inagawanya siku 730 kwa wastani wa urefu wa miaka 2004, 2005 na 2006, na mmoja una siku 366. Weka INT kwa nje, mtumishi wako kapoteza mwaka mzima. Bora hata siku -2, hiyo inaonekana.

Karani_Dom, acha "Y" na "YM" zako, hizo hazina tatizo hapa. Siku zipige hivi, A2 ikiwa ya kuanza na B2 ya kumaliza:

=B2-EDATE(A2,DATEDIF(A2,B2,"M"))

EDATE ikisogeza 31 Januari kwa mwezi mmoja inatua mwisho wa Februari, haimwagiki. Utapata siku 1.

#12 Mtaalamu Njaa

Sawa dada, nimekubali hilo la YEARFRAC. Kwenye kesi bado nina wasiwasi wangu.

#13 Chumbe

Assalaam alaykum ndugu zangu. Hii ya tarehe imenikumbusha kisa cha hapa Unguja.

Tulikuwa na orodha ya wafanyakazi iliyotengenezwa kwenye Mac ya zamani na mtu aliyekuja kujitolea. Tukakopi safu ya tarehe za kuzaliwa, tukapesti kwenye faili letu la Windows. Hakuna kosa lolote lililotokea, namba zote nzuri. Mwezi wa pili mama mmoja akaja na barua ya kustaafu, analia. Kazaliwa 1968, shiti inasema 1964, miaka 60 keshatimiza.

Kumbe faili lile lilikuwa linahesabu siku kuanzia mwaka 1904, letu linaanza 1900. Ukikopi seli inakwenda namba tu ya siku, na tofauti ni siku 1,462, miaka minne na siku moja. Kila mtu kwenye orodha alizeeka miaka minne kwa usiku mmoja. Kwa wenye miaka thelathini hakuna aliyeshtuka.

#14 Karani_Dom

Pole kwa mama huyo, Chumbe.

Bi Hesabu nimejaribu fomula yako. Kwenye Excel imenipa 01/01/1900. Kwenye LibreOffice imenipa 31/12/1899. Sasa mtumishi kafanya kazi mpaka karne ya kumi na tisa?

#15 Bi Hesabu

Hahaha, seli yako ina umbo la tarehe. Ibadilishe iwe namba, utaona 1. Na shukuru ile -2 ilikaa kwenye seli ya namba. Kwenye seli ya tarehe Excel ingekuonyesha ###### na ungehangaika kupanua safu.

#16 Kisumu Ndogo

Lakini mbona moja inasema Januari 1 na nyingine Desemba 31, na fomula ni ile ile? Hapo mmeruka.

#17 Fundi Kebo

Kisumu Ndogo una jicho. Kwa Excel, namba 1 ni 1 Januari 1900. Kwa LibreOffice, sifuri ni 30 Desemba 1899, kwa hiyo 1 ni 31 Desemba. Wanapishana siku moja mpaka 28 Februari 1900, halafu kuanzia 1 Machi 1900 wanakubaliana milele.

Katikati Excel ina siku ambayo haijawahi kuwapo duniani, 29 Februari 1900. Andika 60 kwenye seli, ipe umbo la tarehe, utaiona. Mwaka 1900 unagawanyika kwa 4 lakini haukuwa mrefu, kwa kuwa mwaka wa karne lazima ugawanyike kwa 400. Lotus walikosea hapo, Excel ikaiga ili mafaili yalingane. LibreOffice nao wakaona wakiiga siku hiyo hewa wataaibika, wakarudisha mwanzo nyuma siku moja ili kuanzia Machi hesabu zioane.

#18 Mzee Disketi

Fundi, Lotus hawakukosea. Enzi hizo kumbukumbu ya kompyuta ilikuwa kilobaiti 640, na unazihesabu kama chumvi. Kupima mwaka mrefu kwa kugawa kwa nne peke yake ni hesabu fupi, inafaa kuanzia 1901 hadi 2099. Waliutoa mhanga mwaka 1900 kwa makusudi. Nani mwaka 1983 alikuwa anaandikisha mtumishi aliyezaliwa Februari 1900?

#19 Fundi Kebo

Mzee wangu, ukikosea halafu ukapata sababu nzuri baadaye, bado ulikosea.

#20 Mzee Disketi

Ulikuwapo?

#21 Kipanya2

Jamani mzee asiguswe. Ameshavua viatu.

#22 Kisumu Ndogo

Haya, na mimi niongeze yangu, tumetoka kwa DATEDIF lakini ni ndugu yake. Mimi ni karani wa sacco ndogo huku Kisumu. Mwenyekiti anatumia Excel, mimi LibreOffice, mweka hazina anafungulia kwa simu. Faili moja, watu watatu, majibu matatu.

Niligundua mambo mawili. Kwanza, LibreOffice ikifungua faili la Excel, kwa kawaida haihesabu upya. Inakuonyesha majibu yaliyosevuliwa mara ya mwisho. Kwa hiyo ukiona jibu linafanana na la Excel usifurahi haraka, pengine ni la Excel lenyewe limebebwa tu. Bonyeza Ctrl+Shift+F9 ilazimike kuhesabu yote ndipo ujue. Karani_Dom, hata hiyo -2 yako ungeanza na hapo.

Pili, mwenyekiti alipenda XLOOKUP, fomula ya kutafuta kitu kwenye orodha. Kwangu ikawa inakuja _xlfn.XLOOKUP na makosa matupu. Nilimsihi arudi VLOOKUP, akasema mimi nimebaki nyuma. Tangu LibreOffice 24.8, Agosti 2024, XLOOKUP imeingia, na FILTER na UNIQUE pia. Sasa aliyebaki nyuma ni mweka hazina na simu yake.

#23 Karani_Dom

Nimebonyeza hiyo Ctrl+Shift+F9. Bado -2. Basi ni yao kweli.

#24 Mlala Ofisini

Kama tunazungumza zilizofichwa kweli kweli, DATEDIF ni cha mtoto. Kuna EVALUATE na GET.CELL, fomula za makro (amri za kujiendesha) za Excel 4.0 ya mwaka 1992. Ukiziandika kwenye seli zinakataliwa. Unazipitisha kwenye Name Manager, unaipa jina, kisha unaliita jina kwenye seli. Mimi nilikuwa nahesabu seli za njano, waliolipa ada nawapaka njano, na GET.CELL(63, ...) inakupa namba ya rangi ya seli. Ofisi nzima ikaniona mchawi.

Ukisevu kama .xlsx ya kawaida uchawi unaisha, lazima .xlsm. Ukipaka rangi mpya haihesabu mpaka uisukume. Halafu mwaka 2022 Microsoft wakaziacha makro hizo za zamani zimezimwa mpaka uziwashe mwenyewe, kwa sababu waandishi wa virusi walizipenda kuliko mimi. Nikarudi kuweka safu yenye neno AMELIPA, kitu ambacho mtu mwenye akili angeanza nacho.

#25 Jamvi la Wageni

Nimesoma uzi wote, sijaona aliyetaja janga kubwa kwa watu wa utumishi: namba ya NIDA, ile ya kitambulisho cha taifa.

Ina tarakimu 20. Excel inashika tarakimu 15 tu za namba, zilizobaki inaweka sifuri. Ukipokea orodha ya CSV, faili la maandishi matupu yanayotenganishwa kwa koma, na kuibofya mara mbili ifunguke, tayari, tano za mwisho zimekufa na hazirudi, hata ukibadilisha umbo la seli baadaye. Ukisevu ndiyo umezika.

Kichekesho ni hiki. Tarakimu nane za mwanzo ni tarehe ya kuzaliwa, kwa hiyo nilikuwa naitoa humo humo:

=DATE(LEFT(A2,4),MID(A2,5,2),MID(A2,7,2))

Kwenye NIDA iliyohifadhiwa kama maandishi inafanya kazi safi. Siku moja nikapewa orodha iliyopitia CSV. Mtu wa 14 Machi 1985 akatoka 3 Machi 1905. Nilikaa nayo nusu siku. Kumbe Excel ilikuwa inaisoma namba kama 1.9850314 na kadhalika E+19. LEFT ikachukua "1.98", ikawa mwaka 1, yaani 1901. Mwezi ukawa "50". Siku ikawa "31". Miezi hamsini kuanzia 1901 ni Februari 1905, na tarehe 31 Februari, kama Fundi Kebo alivyosema kule #7, inamwagikia Machi.

#26 Fundi Kebo

Hii naiweka kwenye kumbukumbu. 31 Februari imemkuta mtu mara mbili kwenye uzi mmoja.

#27 Bi Hesabu

Jamvi, dawa ni kutoibofya CSV. Fungua Excel tupu, nenda Data, ingiza kutoka CSV, na safu ya NIDA uiambie ni maandishi kabla haijaingia. LibreOffice hapo inamshinda mwenzake, inakuuliza aina ya kila safu kabla ya kufungua. Namba za simu nazo hivyo hivyo, ndizo zinazopoteza sifuri ya mbele.

#28 Jamvi la Wageni

Najua sasa, dada. Nilijua baada ya kutuma.

#29 Mkulima wa Pamba

Sisi wa Kanda ya Ziwa tuna letu, ng'. Wilaya yetu ni Nyang'hwale. Ikiandikwa kwenye Word, ile alama inapindishwa yenyewe iwe ya mkia. Ikiandikwa kwenye Excel inabaki iliyonyooka. Kwa macho ni Nyang'hwale moja, kwa VLOOKUP ni wilaya mbili, na moja haina watu. Nilitafuta nafasi iliyojificha mbele na nyuma ya neno siku mbili, nikaweka TRIM kila mahali, wapi.

Ikipita kwenye CSV ya UTF-8 na Excel ikaifungua kwa usimbaji (namna ya kuhifadhi herufi) wa zamani, inakuja Nyangâ€™hwale. Hiyo nzuri kuliko ya kwanza, angalau inajitangaza. Mimi sasa kabla ya kazi yoyote nafanya tafuta-na-badilisha, zote zinyooke.

#30 Mtaalamu Njaa

Nyie mnalia na NIDA, Uingereza watu elfu 15 walikufa kwa sababu ya Excel, wakati wa korona.

#31 Mlala Ofisini

Hawakufa kwa sababu ya Excel, usitie chumvi. Ni visa 15,841 vya maambukizi ambavyo havikuingia kwenye ripoti kati ya 25 Septemba na 2 Oktoba 2020. Majibu ya maabara yalikuja kwa CSV, wakayaingiza kwenye umbo la zamani la .xls, ambalo lina mistari 65,536 tu. Kila kipimo kilichukua mistari kadhaa, ikajaa, iliyozidi ikakatwa kimya kimya. Ingekuwa .xlsx wangekuwa na mistari 1,048,576. Uliokuwa mbaya ni ucheleweshaji, maana waliokaa na wagonjwa hawakupigiwa simu kwa wakati.

#32 Mtaalamu Njaa

Uzi huu nimesahihishwa mara tatu. Naenda kula.

#33 Kipanya2

Nne. Kuna Office ya kuchakachua kule juu.

#34 Chumbe

Nauliza jambo jengine. Kwenye hundi na hati za malipo tunaandika kiasi kwa maneno. Kuna fomula ya Kiswahili?

#35 Bi Hesabu

Excel ina BAHTTEXT, ambayo inageuza namba kuwa maneno ya Kithai pamoja na fedha yao. Kuna na NUMBERSTRING, nayo haimo kwenye orodha inayoshuka, inaandika namba kwa herufi za Kichina. Kiswahili hakuna. Kiingereza pia hakuna, tumetoka sare.

#36 Mzee Disketi

Waandike kwa mkono. Mkono haujawahi kuandika siku -2.

#37 Fundi Kebo

Mzee, kwa mkono ungempa huyo mtumishi siku ngapi? Kuanzia 31/01/2021 mpaka 01/03/2025.

#38 Mzee Disketi

Miaka minne na mwezi mmoja. Alianza siku ya mwisho ya Januari, mwezi unaisha siku ya mwisho ya Februari. Siku moja ya Machi kaja kukabidhi funguo.

#39 Kisumu Ndogo

Kwetu tungehesabu na siku ya kuanza yenyewe, kwa hiyo siku mbili.

#40 Bi Hesabu

Mimi nimesema moja, na EDATE inasema moja.

#41 Mlala Ofisini

Someni mkataba. Kuna mikataba inayosema mwezi ni siku 30. Hapo ni DAYS360, na jibu linaweza kutofautiana.

#42 Karani_Dom

Wakuu, mrejesho. Nimeziba "MD" kote, nimeweka fomula ya #11. Kisha nikaipitisha kwenye barua zote za zamani nilizozikuta kwenye folda, 212. Tatu zimetofautiana. Mbili zilitoka na siku 0 badala ya 1, hakuna aliyegundua. Ya tatu iko -1, ya mwaka 2018, imesainiwa na kupigwa muhuri, na mhusika alishaondoka. Bosi anasema nimpigie simu.

Namba yake kwenye faili ina tarakimu tisa.

#43 Jamvi la Wageni

Weka sifuri mbele mkuu. Halafu tuambie kapokea nani.